Tableti Isiyobisha Hodi

Nimechoka. Naanza na neno hilo kwa sababu nisipolisema mapema nitaonekana mtu mwema kuliko nilivyo. Mwaka jana nilikuwa nimechoka na cherehani, nimechoka na sare za shule, nimechoka na vumbi la malori ya simenti yanayopita mbele ya duka langu hapa Kitengela, na zaidi ya yote nilikuwa nimechoka kuwa mtoto anayeishi karibu. Kila familia ina mtoto wa aina hiyo. Ndiye anayepigiwa simu kwanza na ndiye anayelaumiwa kwanza. Kaka yangu mkubwa anaishi Matasia, ambako si mbali hata kidogo, lakini anavyoiongelea safari ya kuja kwetu utadhani anavuka bahari.

Mama anaishi Mashuuru, peke yake tangu baba alipofariki. Sisi ni Wakamba. Baba alihamia huko akiwa kijana, akafanya biashara ya mahindi na maharagwe, akanunua ploti na kujenga nyumba ya mawe yenye veranda. Mama ana kuku, ana tangi la maji, ana mipapai ambayo huigombeza kila inapokawia kuzaa. Na ana ufunguo wa kanisa. Huo ufunguo ndio cheo chake. Kila Jumamosi anafungua, anafagia, anapangusa viti na kubadilisha kitambaa cha mimbari, na Jumapili anafika kabla ya mchungaji. Ukitaka kumwona Mama amekasirika kweli, mwambie kuna mtu mwingine anayeweza kuushika ule ufunguo.

Shida yake ni masikio. Yalififia polepole, hata sisi wenyewe tukawa tunapaza sauti bila kujua kwa nini. Tulimnunulia vifaa vya kusikia. Vikapiga mluzi katikati ya maombi, akavitoa, akavitia ndani ya kikombe kabatini, na humo vimo mpaka leo. Badala yake alijifunza kusoma midomo. Hakuna aliyemfundisha. Ukikaa mbele yake penye mwanga, ukasema Kikamba polepole, hapotezi neno. Ukimgeuzia mgongo ni kama umetoka chumbani.

Simu basi ikawa haina maana. Nilikuwa nikipiga, namsikia anasema, "Haloo? Nani? Sisikii," kisha anakata, nami nabaki nimeshika mkasi mkono mmoja na simu mkono mwingine, nimejaa hasira ambayo sijui nimpe nani. Ili kujua kama ameamka salama, nilimpigia jirani yake, mama wa Kimaasai anayemuuzia maziwa. Yeye huvuka ua, humwangalia, kisha hurudi na kunisalimu kwa Kimaasai, "Supa. Mama yako iko sawa. Anapiga kelele kwa papai." Nilimshukuru kila asubuhi mpaka nikaona haya kumshukuru.

Halafu Mama akashikwa na homa. Jirani alikuwa amesafiri kwenda Loitokitok kwenye arusi ya mpwa wake, na siku hizo hakuna aliyevuka ua. Aliporudi alimkuta Mama kitandani, midomo imekauka, kikombe cha maji kimeanguka sakafuni na hana nguvu za kukiokota. Alipona. Lakini kaka yangu alikuja mpaka dukani kwangu, jambo ambalo halifanyi bure, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Hii mambo imeisha," alisema. "Mama anakuja kukaa kwako. Wewe uko na chumba."

"Na kwako je?"

"Kwangu niko na ngazi nyingi. Na bibi yangu anafanya kazi usiku."

"Unajua Mama hawezi kulala kwangu."

"Hizo ni mambo za zamani, dada."

Inabidi nieleze kidogo hapa. Kwetu, mama na mume wa bintiye hawazoeani. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ni kazi. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama hawezi kuonekana naye akiwa kichwa wazi, wala kulala chini ya paa lake. Watu wa rika langu tumeyaacha mengi, na ninawajua akina mama wa Kikamba wanaokaa kwa wakwe zao na kutazama televisheni pamoja nao. Mama si mmoja wao. Watoto wangu walipozaliwa alikuja asubuhi na kuondoka kabla ya jioni, na mume wangu akapata sababu ya kuwa nje kutwa nzima. Mume wangu ni Mkikuyu, kwao ni Nyeri, na wana heshima zao, lakini za kwetu alijifunza bila kuambiwa mara mbili. Wakikutana, Mama huvuta leso mpaka kwenye nyusi, yeye huangalia viatu vyake, na hivyo hivyo huulizana habari za mvua, Mama akimchungulia mdomo kutoka chini ya leso apate maneno.

Mtu kama huyo ukimleta kuishi kwangu, utakuwa umemfungia chumbani. Atasubiri mkwe aondoke ndipo aende chooni. Na kule Mashuuru ufunguo utapewa mtu mwingine. Nilimwambia kaka yangu hayo yote, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka niliyasema vibaya, kwa sauti ya juu, wateja wakisikia. Mwishowe tulipatana. Kama tutaweza kumwona Mama kwa macho yetu kila siku, hata akiwa Mashuuru, atabaki kwake. Tukishindwa kumwona, atakuja Kitengela, apende asipende.

"Mtafutie ile tableti ya wazee," alisema kaka akisimama. "Wewe uko karibu na maduka."

Unaona? Kuishi karibu.

Sikujua kwamba kuchagua tableti ya mzazi mzee ni kazi ya kumalizia mtu nguvu kiasi kile. Nilizunguka maduka ya simu ya Kitengela jioni baada ya jioni, miguu ikiuma, na kila duka lilikuwa na kijana mwenye haraka aliyetaka kunionyesha kamera. Nilimweleza mmoja kwamba nataka kitu chenye herufi kubwa, vitufe vichache, na betri itakayovumilia siku stima inapopotea. Akaniuliza, "Mathe anapenda kucheza game gani?" Nikamwambia anapenda kufagia kanisa. Alicheka. Mimi sikucheka.

Nilinunua moja nyembamba, nzuri, iliyong'aa. Nikaipeleka Mashuuru, nikaiweka mbele ya Mama, nikamwonyesha. Kumbe vidole vya Mama vilikuwa vimekauka kwa jembe na sabuni ya kipande kiasi kwamba kioo hakikuvihisi. Alibonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayekanda unga wa chapati, na ghafla kila kitu kikafunguka kwa pamoja: kikokotoo, ramani, kamera ikionyesha pua yake, na tangazo la mwanamke anayeuza dawa ya kunenepesha makalio. Mama akanitazama.

"Huyu ni nani," aliuliza, "na anataka nini kwangu?"

Niliirudisha. Sitaeleza jinsi nilivyobishana na mwenye duka kwa sababu hata kukumbuka kunanichosha. Mwishowe, katika duka dogo nyuma ya stendi, nilipata nyingine, nene na nzito, ina kisimamio chake, na uso wake wa kwanza ungeweza kuwekwa picha za watu tu. Hakuna kingine. Ukigusa picha ya mtu, unampigia na mnaonana. Niliweka yangu na ya kaka yangu, kubwa kama sahani.

Jambo la vidole Mama alilitatua mwenyewe. Siku niliyompelekea, alikitazama kile kioo kwa muda, kisha akafanya kama anavyofanya akifungua kurasa za Biblia: akalamba ncha ya kidole, akagusa uso wangu. Simu yangu ikalia mkobani. Tulitazamana kupitia vioo, mimi nikiwa nimekaa karibu yake kwenye kochi lile lile, na Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Nakumbuka nilihisi furaha. Ilikuwa muda tangu niihisi, nikaitambua polepole.

Ilibaki shida moja. Mama hasikii mlio. Nikimpigia mimi, atajuaje? Kijana wa lile duka nyuma ya stendi alikuwa amenionyesha dawa yake: kuna mahali unaweka alama, na baada ya hapo simu ikitoka kwa mtu uliyemchagua, tableti inajijibu yenyewe. Mama hagusi chochote. Mimi napiga, kioo kinafunguka, namwona. Niliweka hiyo alama nikijiona nina akili kuliko familia yangu yote. Nilipokwisha nikaisimamisha tableti juu ya kabati la chumbani kwake, karibu na soketi, pale inapoona mlango na kitanda.

Jioni za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilipiga kutoka kwenye meza yetu ya chakula, nikamwona Mama anakunja nguo, akaona uso wangu umetokea, akaja karibu tukaongea. Nilimtumia kaka yangu ujumbe: nimemwona, yuko sawa. Naye akajibu kwa kidole gumba.

Kisha jioni moja nikapiga na kuona maua. Maua mekundu yaliyofifia, karibu sana, hayasogei. Ilinichukua muda kutambua ni leso ya Mama. Nikaita, jambo la kijinga maana hasikii. Kesho yake nikaona ukuta. Siku iliyofuata, ukuta. Nilimpigia jirani. Akavuka ua, akarudi. "Mama yako iko. Anakula. Lakini uso wake si mzuri."

Nilijua kilichotokea, au nilidhani najua. Nilidhani amesahau jinsi ya kuitumia, kwamba akili imeanza kufuata masikio. Nikakaa kwenye cherehani nikilia kimya kimya huku nashona kola, na kola ikaenda upande. Kaka yangu hakulia. Alisema makubaliano ni makubaliano: hatumwoni, kwa hiyo anakuja. Na akafanya jambo moja ambalo sijamsamehe bado kikamilifu. Alimpigia mzee wa kanisa la Mashuuru, akamwambia waanze kutafuta mtu wa kushika ufunguo.

Jumamosi nikafunga duka, nikapitia Isinya na Kajiado mpaka Mashuuru. Sikumkuta nyumbani, nikamkuta kanisani, anafagia kwa hasira. Vumbi lilikuwa linatoka mlangoni kama kuna watu wanapigana ndani. Alikuwa ameshaambiwa habari za ufunguo. Nilikaa kwenye kiti cha mbele, penye mwanga wa dirisha, nikangoja anitazame.

"Mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "kwa nini umeifunika tableti?"

Aliendelea kufagia. Alifagia mpaka chini ya miguu yangu, nikainua miguu kama mtoto.

"Hicho kitu hakibishi hodi," alisema.

Sikuelewa. Akaegemeza ufagio ukutani, akakaa, na akanieleza kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa kooni. Jioni ile alikuwa ametoka kuoga. Kichwa wazi, ana shimizi tu, leso iko kitandani. Kioo kikawaka. Akageuka akidhani ataniona mimi. Kiti changu kilikuwa kitupu. Aliyekuwa mbele yake, mdomo umejaa ugali, macho yamemtoka, alikuwa mume wangu.

Nikaikumbuka jioni hiyo. Nilipiga, kisha nikasikia mboga inaungua, nikakimbilia jikoni nikiwa nimeiacha simu imeegemea bakuli. Niliporudi mume wangu alikuwa ameinuka ghafla na kutoka nje, ugali haujaisha, na kioo kilikuwa kimejaa maua. Nilinung'unika kwamba anakwepa kuosha vyombo. Hakuniambia neno. Hata angeniambia angeanzia wapi?

"Mnasema nisihamie kwa mkwe kwa sababu ya heshima," alisema Mama. "Halafu mnamleta mkwe mpaka chumbani kwangu. Kama ni kuonekana hivyo, si ningehamia kwenu tu?"

Niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimejitahidi sana na juhudi yangu yote ndiyo iliyoharibu. Nilitaka kumwambia kwamba ni dakika moja tu, kwamba hakuna aliyekufa. Lakini nilimtazama mikono, jinsi alivyokuwa anaivuta leso kichwani ingawa tulikuwa wawili tu, nikamwambia twende nyumbani.

Siku hiyo hiyo niliiondoa ile alama. Tableti ikawa haijifungui tena. Niliitoa chumbani, nikaiweka sebuleni juu ya meza ya chini, pale anaponywea chai. Tukapatana kwamba yeye ndiye atakayekuwa anapiga. Jirani akishaleta maziwa ya jioni, Mama anajifunika, anakaa, analamba kidole, anagusa uso wangu. Mimi nami ningeipokea dukani, nyuma, katikati ya sare zinazoning'inia, mahali ambapo mume wangu hapiti kabisa. Kaka yangu alikubali kwa shingo upande. Alisema ni jaribio la mwisho. Mzee wa kanisa akaambiwa angoje, na Mama akawa anauvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya nguo, hata akilala.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni uso wa Mama ulitokea, mara nyingine paji tu, mara nyingine dari na sauti. Nilichoka hata na hilo, sitadanganya. Kuna siku nilitamani asipige, nifunge duka niende zangu nyumbani niinue miguu. Hakukosa hata siku moja.

Mvua zikaja. Asubuhi moja nilitoka kupeleka mzigo wa sare shuleni, nikasahau simu nyumbani kwenye chaji. Mume wangu huendesha boza la maji, anauzia watu wa ploti ambako bomba halijafika, na siku hiyo boza lilikuwa gereji, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Nilirudi saa ya chai nikiwa nimelowa, viatu vimejaa tope jeusi la Kitengela ambalo halitoki, nikasukuma mlango huku nikigomba kabla sijajua nagomba nini.

Alikuwa amekaa mezani. Simu yangu ilikuwa imeegemea mkebe wa sukari, mbele ya uso wake kabisa, na taa ameiwasha ingawa ni mchana. Alikuwa amefumba macho. Si kusinzia, aliyafumba kwa nguvu, uso mzima umekunjamana, kama mtoto anayepakwa sabuni. Na alikuwa anaongea Kikamba. Kikamba chake ni kibaya sana, kinachekesha hata kuku, lakini alikisema neno moja moja, mdomo ukifunguka wazi kila neno.

"Gari," alikuwa anasema. "Langu. Limevunjika. Gia."

Na kwenye kioo alikuwa Mama, chini sakafuni, mgongo umeegemea kochi, kichwa wazi, nywele nyeupe zimelowa, anamtazama mkwe wake mdomoni bila kupepesa.

"Gia gani?" Mama aliuliza.

Mambo yalikuwa hivi. Mama alitoka kuweka ndoo chini ya mfereji wa paa, akateleza kwenye veranda, mguu ukapinda chini yake. Alijikokota mpaka sebuleni. Leso iliyokuwa kichwani ilibaki kwenye tope huko nje. Alivuta kitambaa cha meza mpaka tableti ikaja mikononi mwake, akalamba kidole, akagusa uso wangu. Huku kwetu mume wangu alisikia simu inalia, akaona ni Mama, akajua Mama hapigi asubuhi. Akaipokea ameigeuza ielekee ukutani, akauliza kuna nini. Lakini Mama hasikii. Alisikia Mama anaita jina langu, mara ya kwanza, mara ya pili, na kulia. Ndipo alipoigeuza simu imwelekee usoni, akafumba macho. Yeye ana masikio, hakuhitaji kumwona. Mama ana macho, alihitaji mdomo tu.

Hivyo ndivyo alivyojua ni mguu. Kwa simu yake mwenyewe alimpata jirani, ambaye alikuwa machungani na sasa anarudi mbio kwenye matope. Na kwa kuwa Mama alikuwa na hofu na jirani bado hajafika, mume wangu aliendelea kumwongelesha. Hakuwa na la kusema. Katika miaka yote hiyo walikuwa wamezungumza mvua tu. Kwa hiyo alimweleza kuhusu gia za boza.

Nilisimama nyuma yake, maji yakinidondoka. Mama akaniona. Nilisema jambo, sikumbuki nini, na mume wangu akashtuka lakini hakufungua macho. Alinyoosha mkono akanitafuta hewani, akaushika mkono wangu, akauelekeza kwenye simu.

"Chukua," alisema. "Mimi sijamwona."

Alitoka nje kwenye mvua hivyo hivyo, akipapasa ukuta, na nina hakika hakuyafungua macho mpaka alipofika kwenye veranda. Nilimsikia akigonga ndoo.

Mguu haukuvunjika. Ulikuwa umeteguka, ukafungwa bendeji Kajiado, na Mama akarudi kwake na mkongojo ambao aliutumia zaidi kufukuzia kuku. Kaka yangu alikuja kutoka Matasia. Tulikaa sebuleni Mashuuru, mimi na yeye na Mama, na mume wangu akakaa nje karibu na tangi kama inavyompasa, akinywa chai kutoka kwa chupa aliyopelekewa. Kaka alikaa penye mwanga, akasema polepole ili Mama asipoteze neno. Sasa imedhihirika, alisema. Ameanguka. Hata hiyo tableti haikumzuia kuanguka. Siku nyingine mimi, dada yake, sitakuwa nyumbani, na itakuwaje?

"Siku ile pia hakuwa nyumbani," Mama alijibu.

"Mama, siku ile ilikuwa bahati."

"Haikuwa bahati. Alikuwa baba watoto wake." Hajawahi kulitaja jina la mume wangu na hakulitaja siku hiyo pia. Aliingiza mkono kifuani, akautoa ufunguo wa kanisa, akaushika hadharani mbele ya mwanawe. "Nilianguka, nikapiga, nikajibiwa. Wewe ulitaka muwe mnaniona. Mimi nilitaka niwe najibiwa. Afadhali yule anijibu kwenye hicho kioo amefumba macho, kuliko nikalale chini ya paa lake nimefumba yangu."

Kaka yangu alinitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa. Nilikuwa nimechoka sana kumwokoa mtu. Nilimwambia kwamba Mama anabaki, na kama hataki, ngazi za kwake Matasia zitengenezwe. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akasema sawa, basi, tutaona. Akatoka nje, akaenda kukaa na mume wangu karibu na tangi, nikawasikia wakiongea habari za gia.

Hapo ndipo Mama alipoivuta tableti karibu, akanionyesha nafasi iliyobaki wazi chini ya picha yangu na ya kaka.

"Muweke na yeye hapo," alisema. "Tangi likikauka, nitamwomba nani maji?"

Nilikuwa na picha za mume wangu nyingi kwenye simu. Nikaweka moja nzuri, ya arusi ya rafiki yetu, amevaa tai. Mama aliitazama, kisha akaifunika kwa kiganja upesi.

"Si hiyo," alisema. "Huyo ananiangalia."

Nikatoka nje. Nilimwambia mume wangu asimame ukutani, penye mwanga, na afumbe macho. Hakuuliza kwa nini. Alivua kofia, akayafumba, nikampiga picha, nikarudi ndani nikamwekea Mama. Imo mpaka leo, kubwa kama sahani, kati ya uso wangu na wa kaka yangu. Tangi likikaribia kuisha, Mama analamba kidole na kuigusa.